Sisimizi Chini ya Kitanda cha Tata

Wacha nianze na waliokuwepo, ili mtu asije akasema baadaye nimemsahau au nimemwongeza. Alikuwepo Bibi Zuhura, mwenye nyumba, mjane, aliyekaa chumba cha mbele na kutukodishia vilivyobaki. Alikuwepo mama yangu, Wangari, na mgongoni mwake ndugu yangu Mwangi, aliyekuwa hajaota hata jino. Alikuwepo Mama Adhiambo wa chumba kilichotazamana na chetu, na binti yake Adhiambo, mwenzangu wa kucheza. Alikuwepo Tata Wanjiku, dada mdogo wa baba. Tata ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita shangazi. Na mimi, Nyambura, pengo mbele. Baba alikuwa Gikomba kwenye useremala wake, kwa hivyo simhesabu. Tulikuwa saba kwenye korido ya nyumba ile ya Majengo, Jumamosi asubuhi, na katika hao saba aliyejua ukweli alikuwa mmoja na nusu. Mmoja ni mimi. Nusu ni Adhiambo.

Sikuwa nimepanga kuandika haya. Shule niliachia darasa la nne, na barua zangu zote maishani zilikuwa za salamu. Lakini juzi juzi sisimizi waliingia bafuni kwangu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, wakapanga mstari kutoka ufa wa dirisha mpaka kwenye choo. Niliwamwagia maji ya moto. Kesho yake wamerudi. Nikawamwagia tena, nikiwatukana kwa sauti, mpaka mjukuu wangu Wambui akaja akanishika mkono. Wambui anasomea wadudu chuo kikuu. Sijui kazi gani itatoka huko, lakini ndicho alichochagua.

"Shosho, hawa wamekukosea nini?"

"Wanajua," nikamwambia.

Akacheka. "Wajue nini? Hao hawajui kitu, Shosho. Ni kunusa tu."

Akachuchumaa pale sakafuni na njugu zake mkononi, akanionyesha zile nywele mbili za kichwani mwa sisimizi, zinavyopapasa huku na huku. Akasema ndizo pua yao. Mmoja akipata chakula, anarudi kwao akigusisha tumbo chini, anaacha harufu njiani. Mwenzake anaifuata, naye akipata anaongeza yake, mpaka inakuwa barabara. Chakula kikiisha hakuna anayeongeza, na barabara inajifuta yenyewe. Akasema huko chuoni wanafuga hata minyoo midogo kama vumbi, haina macho wala masikio, lakini ukiweka tone la harufu ya chakula ukingoni mwa kisahani inageuza kichwa na kulifuata, na ukiweka harufu ya sumu inarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

"Sasa hawa wako chooni, Shosho, ni kwa sababu wamepata sukari. Wewe ulipimwa lini?"

Alisema hivyo hivyo tu, akitafuna njugu. Nikaenda kliniki, wakanidunga kidole, wakanipa vidonge na karatasi ya vitu vya kuacha. Nikarudi nikaketi kitandani na vile vidonge mapajani. Wambui alifikiri naogopa. Sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira, na mtu wa kumwonyesha hasira hiyo hayuko tena hata mmoja.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka zile nyumba. Mlango mmoja wa mbele, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye mfereji mmoja na choo kimoja cha watu wote. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia la maua mekundu. Upande wa dirisha walilala baba na mama na mtoto. Upande wa mlango kulikuwa na kitanda cha mbao alichopiga baba mwenyewe, na hapo nililala mimi na Tata Wanjiku. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo letu la haja ndogo, kwa sababu hakuna mwanamke aliyetoka kwenda uani usiku. Asubuhi Tata ndiye aliyelitoa kumwaga.

Tata alikuja kutoka Murang'a kumsaidia mama baada ya Mwangi kuzaliwa. Alikuwa msichana mkubwa, hajaolewa, mwenye vidole virefu. Kunisuka hakuniumiza kama mama. Alikuwa akilowesha nywele kidogo kidogo, akiniambia habari za kwao, na nikisinzia aliniegemeza kwenye goti lake akaendelea. Kabla yake sikuwahi kuwa na mtu wangu peke yangu. Nalisema hili mjue kwamba sikumchukia. Watu wakisikia yaliyofuata hufikiri labda nilimchukia.

Baadaye alianza kuwa na kiu. Alikunywa maji kama aliyetoka kulima jua kali, kikombe juu ya kikombe, na mama akawa ananung'unika kwamba yeye ndiye anayechota na mwingine ndiye anayemaliza. Kisha akaanza kula sana, na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Magauni yakamning'inia. Siku moja uani Mama Adhiambo alimtazama akifua, akamwambia mama bila hata kushusha sauti:

"Mama Nyambura, huyu msichana anakula kama mashine ya posho. Na unga unatokea wapi? Mimi sioni."

"Waniuliza mimi?" mama akasema. "Mimi napika tu."

Tata akacheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka hata akichekwa.

Jambo lingine nililijua mimi peke yangu, kwa sababu tulilala uso kwa uso. Pumzi yake ilibadilika. Ilinukia kama mapera yaliyoiva sana yakafungiwa ndani ya mfuko. Akili yangu ya kitoto iliniambia jambo moja: Tata ana vitu vitamu mahali, anakula peke yake, hanipi. Nilimnusa usiku nikakasirika nikageukia ukuta. Yule mtu alikuwa anakufa mbele ya pua yangu, na mimi nilidhani ananinyima mapera.

Sasa sukari. Sukari ilikuwa ya uji wa Mwangi na chai ya baba. Mama aliiweka kwenye kopo lililokuwa la mafuta ya kupikia, na kopo akalisimamisha ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wakijaribu kuvuka wazame. Halafu, kwa sababu maji hayazuii watu, alisawazisha sukari kwa mgongo wa kijiko na kuchora msalaba juu yake kwa ukucha wa kidole gumba. Akiukuta msalaba umevurugika angejua kuna mkono ulioingia. Wanawake wote wa nyumba ile walifanya hivyo, isipokuwa Bibi Zuhura, ambaye alichora nyota.

Mimi nilijifunza kuuchora ule msalaba. Nililamba, nikasawazisha, nikachora kwa ukucha wangu, na kwa sababu ukucha wangu ulikuwa mwembamba nilipitisha mara mbili. Mara moja nilimlambisha Adhiambo ili asiseme. Msalaba ulikuwa sawa kila siku. Kilichonishinda ni kwamba sukari yenyewe ilikuwa inashuka, na mama alikuwa na macho.

"Kuna mtu humu ndani," akasema, "na nitamshika bila kumuuliza."

Alikuwa na njia yake, na si yake peke yake, ndiyo iliyotumika nyumba nzima: kufuata sisimizi. Kitu kitamu kikipotea, hukumuuliza mtu. Uliwatafuta sisimizi asubuhi na mapema kabla sakafu haijapigwa deki, ukaufuata mstari wao, na pale walipoishia ndipo penye mwizi. Mama Adhiambo alisema ndivyo walivyompata aliyekula asali ya mgonjwa wao. "Sisimizi hana undugu," alikuwa akisema, "hapokei salamu ya mtu." Nami niliamini sisimizi wanajua mema na mabaya, kama malaika, ila wadogo. Nilikuwa nacheza nao kila siku. Nilikuwa napitisha kidole chenye mate katikati ya mstari, nao wakifika pale wanasimama, wanapapasa, wanazunguka kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limechukuliwa. Nikipitisha mafuta ya taa wanarudi mbio. Niliona yote hayo kwa macho yangu. Hakuna siku niliyojiuliza kwa nini.

Jumamosi ile mama alinituma mimi. "Wewe una macho mazuri. Wafuate."

Nilijua mstari utakuja kwangu, utapanda mguu wangu, utaingia mdomoni watu wote wakitazama. Nikapiga magoti. Walikuwepo. Walitoka kwenye ufa wa kizingiti, wakafuata ukuta, wakapita chini ya pazia. Sahani ya maji hawakuisogelea hata kidogo. Mimi hawakuniona. Walienda moja kwa moja chini ya kitanda, upande wa miguu wa Tata, na pale walikuwa wengi mpaka sakafu ilionekana inatetemeka. Walizunguka ukingo wa kopo la haja, na pale chini penye matone walikuwa wamerundikana kama majani ya chai.

Naomba niseme nilivyohisi, maana hapa ndipo penyewe. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Niliwaza: kumbe si mimi peke yangu, kumbe Tata anaiba zaidi yangu, na malaika wamemchagua yeye.

"Mama! Ni kwa Tata! Njoo uone!"

Mama akainama, akatazama, akainuka polepole. Akatia mkono kwenye kopo la sukari, akanimwagia kiganjani, mbele ya Tata aliyekuwa ameketi kitandani akijaribu kuamka. "Kula. Wewe umefanya kazi." Kisha akaliburuta lile kopo la haja mpaka kwenye korido, sisimizi wakiwa bado wameling'ang'ania, akaita watu.

"Njooni muone! Amekula sukari ya mtoto wangu mpaka inamtoka! Anaikojoa!"

Mama Adhiambo alikuja na kijiko cha ugali mkononi. Alipoona, alicheka akashika ukuta. "Yawa! Mashine imetoboka! Ndiyo maana hanenepi!" Adhiambo akacheka kwa sababu mama yake amecheka. Hata mimi nilicheka, na sukari ikiwa bado ulimini. Tata alitoka nyuma ya pazia, kitenge kimefungwa kifuani, miguu kama ya korongo. Alitazama kopo, akatazama watu, akafunika uso.

"Sijaiba, Mama Nyambura. Nakuapia."

"Uniapie nini? Sisimizi wameapa tayari."

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka na Bibi Zuhura akatoka na tasbihi yake. Hakucheka. Aliinama juu ya lile kopo muda mrefu, akamwita Tata karibu, akamshika kidevu, akamnusa mdomo. Mbele ya watu wote, akamnusa.

"Subhanallah," akasema. "Wangari, nisikilize. Sukari ya kulamba haifiki huko. Mimi nimekula halua tangu sijapata akili, mbona sisimizi hawaijui njia ya choo changu?"

Mama Adhiambo akacheka tena. Mama hakucheka.

"Ndugu yangu Mombasa alianza hivi hivi. Kiu, kukonda, harufu hii ya matunda, na sisimizi wakimfuata chooni. Haya ni maradhi, mwanangu. Yana dawa hospitali kubwa, lakini hayangoji."

"Na sukari yangu iliyopungua?" mama akauliza. "Nayo ni maradhi?"

Bibi Zuhura alisogeza punje moja ya tasbihi. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonifikia. "Hapo umesema. Basi tuanze na hilo. Kama huyu kaiba, mna maneno yenu, mimi simo. Lakini kama sukari ililambwa na mwingine, basi hawa wadudu hawakuja kwa sababu ya wizi, wamekuja kwa sababu ya ugonjwa, na msichana apelekwe leo. Leo, Wangari, si kesho." Akageuka. Akatutazama sisi watoto wawili. Hakuwa na ukali. "Wajukuu zangu. Nani kalamba? Semeni tu, hapigwi mtu. Naapa kwa Mungu, hapigwi mtu."

Korido ilinuka sabuni na mkojo na chapati za chumba cha nyuma. Adhiambo alinitazama. Tata naye aliondoa mikono usoni akanitazama, si kwa kunishuku, alinitazama tu kama mtu anavyomtazama mtoto wake. Mimi nilifunga kiganja changu. Kilikuwa kinanata. Nilielewa swali. Msije mkaniambia mtoto hakuelewa. Nilielewa kwamba nikisema mimi, Tata ataenda hospitali, na nikinyamaza atakuwa mwizi. Nisichoelewa ni kwamba hospitali na kaburi vilikuwa vimesimama pale vikiningoja. Nilipima, nikaona kuitwa mwizi si jambo kubwa kwake, yeye ni mtu mzima.

"Si mimi," nikasema.

Adhiambo akatazama miguu yake. "Wala mimi," akasema, na hakudanganya sana.

Bibi Zuhura akapumua. "Haya," akasema. Alingoja kidogo zaidi, akarudi chumbani kwake, na nilisikia komeo.

Baba aliporudi mchana, mama alimweleza kwa Kikuyu, haraka haraka. Baba hakupiga kelele. Alikaa akikwangua gundi vidoleni. Mwishowe alimwambia dada yake, bila kumtazama, "Wanjiku, kesho rudi kwa mama." Yule alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Nafikiri alitaka amalize aibu tu, watu waache kusema koridoni. Maneno ya Bibi Zuhura mama hakumwambia. Najua kwa sababu nilikuwepo nikimngoja ayaseme.

Jumapili nilitumwa nimsindikize Tata mpaka kituo cha mabasi pamoja na baba. Mimi nilibeba chupa ya maji. Kabla hatujafika alikuwa ameshainywa yote, akaomba tukajaze kwa watu, akainywa tena. Baba akatembea mbele. Tata aliegemea ukuta wa duka lililofungwa, akanishika kichwa, akazipapasa nywele zangu zilizoanza kufumuka.

"Kiu hii ikiniacha nitarudi nikusuke. Usikubali mama yako akusuke Jumatatu, ana haraka."

"Ndiyo, Tata."

"Umenuna nini?"

Nilikuwa na nafasi ile pia. Baba alikuwa hatua kumi mbele. Ningeweza kusema hapo hapo, na basi lilikuwa halijafika. Nikamwambia naumwa tumbo.

Tata hakumaliza mwezi. Mtu alikuja Gikomba na habari, baba akarudi nyumbani kabla ya saa zake, akavua kofia mlangoni. Walisema alilala akipumua kama aliyekimbia, mdomo ukinukia matunda, kisha hakuamshika. Mama alilia kwa nguvu, alilia kweli, sitamnyima hilo. Bibi Zuhura alipika chai ya nyumba nzima akaileta mwenyewe, akamwekea mama kikombe mkononi, na kuanzia siku hiyo mpaka tulipohama Majengo hakumwita tena Wangari wala mwanangu. Alimwita Mama Nyambura, kama mpangaji yeyote.

Mimi nilianza kuchungulia haja yangu kila asubuhi. Niliamini sasa watakuja kwangu. Mtoto wa miaka ile, nikiinama chooni nikitafuta weusi mdogo unaotembea. Niliendelea mpaka nikaolewa, mpaka nikazaa. Ndiyo maana Wambui alinikuta nawatukana. Nilidhani wamefika.

Na mama, alipozeeka, akawa na hadithi yake. Akija mke mpya katika familia, atasubiri chai imiminwe, kisha atasema, "Mimi niliwahi kukaa na msichana aliyekula sukari mpaka akaikojoa," na watu watacheka, na atamalizia kwa kusema Mungu amrehemu, lakini alikuwa na mkono mrefu. Niliisikia mara ngapi? Nilikuwa nakoroga chai. Alizikwa akiwa anaamini hivyo, na mimi nikatupa udongo nikiwa bado nimefunga mdomo. Tata hana picha. Hana mtoto. Kitu pekee kilichobaki kwake duniani ni ile hadithi ya mama, na wajukuu wameipokea, wanaisimulia mitaa ya Mowlem na Umoja wakichekana.

Wambui ananiambia nisijilaumu, eti wadudu walikuwa wanafuata harufu tu, hakuna aliyekusudia. Ni kweli kwa wadudu. Yeye amesoma, anajua mnyoo usio na macho hugeuka ukinusa sumu. Mimi nilikuwa na macho, na pua, na ulimi wenye maneno ya kutosha, na niliulizwa kwa upole.

Basi nimewaandikia nyinyi mliokua Majengo enzi zile, mlionyweshwa uji wenye sukari ya kuchorwa msalaba. Huenda pazia lilikuwa la kijani. Huenda Mama Adhiambo alishika mwiko, si kijiko. Kichwa changu ni cha zamani, nikosoeni, sitakasirika. Na kama kuna mmoja wenu aliyekuwa mlangoni pake asubuhi ile, ambaye mimi sikumwona, na yeye anakumbuka kwamba yule mtoto mwenye pengo alisema "ni mimi", basi huyo asiandike barua, aje mwenyewe hapa mtaa wa Tena aulize kwa Shosho Nyambura. Aje upesi. Mimi kila nikikumbuka, nakumbuka nimesema "si mimi".